Dawa ya Mama na Kinu ya Sombe

Bukavu, Muhumba

Mama mupendwa, jambo sana. Huku mvua inanyesha tangu asubui, hata ziwa haionekane.

Nilimwambia mwenye farmasi vile Papa anakutwangia dawa, na kizunguzungu yenye inakushika kiisha kunywa. Akatia kidonge kama yako mu glasi ya maji, tukangoja. Haikuvunjika. Ikafura, ikateleza sawa bugali laini. Akaniambia: "Iko na sukari ya miti yenye walibadilisha mu fabriki, ikivimba na maji inakuwa sawa bugali. Inashika dawa, inaiachilia polepole muchana muzima. Mukitwanga, yote inaingia mara moja."

Basi Mama, meza kidonge nzima. Umwambie Papa kwa upole, maana alikuwa anatwanga kwa mapendo. Kinu ibaki ya kutwanga majani ya sombe tu.

Nakukumbatia, mutoto wako
Furaha