Jibu Ambalo Elibariki Hakukupa

Kwa hiyo, Baba, lile swali lako bado ninalo. Ulisema, "Olewa, binti yangu, lakini mchunguze," na mimi nimefanya yote mawili.

Ni wiki ya tatu sasa tangu harusi. Ungemwona Elibariki kanisani! Jasho lilimtoka kuliko siku ya mbio, na mkono wangu aliushika kama mtu anayeogopa kuporwa. Tumepanga mtaa wa Pasua, hapa Moshi, chumba na sebule. Asubuhi ananichemshia chai kabla hajaenda mazoezini, ananiimbia, anaimba vibaya mno, nami nabaki kitandani nikifikiri hakuna mwanamke aliyewahi kupendwa hivi. Cheka tu. Mama naye ananicheka.

Lakini chai ikiisha nakukumbuka wewe.

Wewe ndiye uliyemfundisha michezo chuoni. "Huyo alikuwa anamaliza wakati wenzake wameshaoga," ulikuwa ukisema, na hukusema kwa ubaya. Kisha akamaliza chuo, ajira ya ualimu ikakosekana, akaenda kuwa mgumu, kama wanavyoitwa wabeba mizigo ya watalii mlimani. Misimu miwili tu, akarudi kwenye mbio ndefu na kuwaacha mbali wale wale waliokuwa wakimpita uwanjani. Watu wote wakasema ni mlima. Wewe ukakataa. "Kama ni mlima, basi wagumu wote wangekuwa mabingwa. Huyu kijana anakula nini?"

Jumamosi iliyopita nilikiona anachokula.

Kila Jumamosi anapanda kwa mama yake, Kilema, na kurudi na chupa ya chai aliyoifunga kwa kitenge. Anaificha nyuma ya mfuko wa unga. Nilipomuuliza, alisema ni dawa ya kifua. Kifua gani, Baba, cha mtu anayekimbia kutoka Himo hadi Kilema na akifika anaomba maji huku anacheka? Alipoingia kuoga nikaifungua. Ndani kulikuwa na kitu kizito, cheusi kwa wekundu, na harufu ya damu. Niliwahi kusikia redioni kuhusu wakimbiaji wanaoongezwa damu ili wakimbie. Nikasema moyoni, Baba aliliona hili.

Akatoka na taulo, akanikuta nimeishika.

"Eli, hii ni damu ya nani?"

"Ya ng'ombe." Akainamisha uso. "Ukicheka nahama."

Baba, ilikuwa mlaso! Ile damu inayopikwa na maziwa na samli, anayopewa mwanamke akishajifungua. Mwaka aliomaliza chuo dada yake alikuwa amejifungua, na Eli akashuka mlimani amekonda kama ufito. Mama yake akamhurumia, akamjazia bakuli naye. "Dada alitoka uzazini," akaniambia, "mimi mpaka leo sijatoka." Anaficha kwa sababu ya wagumu wenzake. Wakijua, kila akipita watamuuliza, "Mama Eli, mtoto ananyonya vizuri?"

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Naye akacheka, akanikumbatia na taulo lake bichi. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Kesho yake tulipotoka ibadani nikaanza tena. Ndiyo ulivyonilea, utanisamehe. Nilijiambia, mlaso unanenepesha wazazi, sijawahi kuona mzazi akishinda mbio. Na mtu anayeweza kunidanganya kuhusu chupa moja, ana nini kingine? Nikawa natazama mikono yake kama ina alama. Nikapekua mifuko ya suruali zake kabla ya kufua, na kila mfuko ulipokuwa mtupu niliona aibu, halafu nikapekua mwingine.

Mwishowe nikamuuliza waziwazi. "Umewahi kuchomwa sindano ya kukimbilia?"

Hakukasirika. Bora angekasirika. Alikunja na kukunjua soksi zake, kisha akasema, "Mwalimu aliniuliza hivyo hivyo."

Hukuniambia, Baba. Hukuniambia ulimwita hospitali, wewe na yeye tu, ukamuuliza ukiwa huwezi hata kuinua kichwa. Na yeye akaondoka bila kujibu. Anasema aliumia. Miaka yote ya chuo alikimbia nyuma ili siku moja wewe, si mwingine, umwambie vizuri. Siku alipokuja na ushindi ukamuuliza habari ya sindano. Alipanga arudi hasira zikishapoa, akujibu. Ukafa siku ya tatu.

"Basi nijibu mimi," nikamwambia.

"Wewe hukuwa wa kwanza kuuliza. Nitamjibu aliyeniuliza."

Unaona shida yangu? Huenda ni mume mwenye heshima kuliko wote Moshi nzima, huenda ananunua muda. Nampenda mno kiasi kwamba macho yangu mwenyewe siyaamini. Akisema hapana, nitalia kwa furaha. Akisema ndiyo, sijui nitashuka naye kutoka kaburini kwako au nitashuka peke yangu.

Pumzika, Baba yangu. Kabla ya mwezi huu kwisha nitamleta Kirua, hapo kwenye migomba ulipolala. Nitamsimamisha mbele yako na kumwacha aseme. Sitamtazama mdomo, ule ulionidanganya kuhusu chupa. Nitamtazama kama ulivyokuwa ukimtazama mkimbiaji anapomaliza, hadi pumzi yake itulie.

Binti yako,
Aika