Baba Lazarus, Mtoto Bado Hana Jina

Mwaka umetimia, Baba Lazarus, tangu ile Ijumaa ya Agosti 1973 ulipoanguka ofisini ukatutoka bila hata kuagana. Watu waliniambia mwaka ukiisha uchungu hupungua. Wangu umegeuka hasira, na leo nakwambia mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili.

Tunakukumbuka, Zadock Walubengo, karani wa mawakili pale Government Road, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi kila Jumapili. Nyumbani kwetu Waithaka hukuwahi kuinua sauti. Jirani akifiwa, wewe ndiye uliyemwandikia barua ya kuomba ruhusa kazini, na hukukubali hata chai.

Ila Jumamosi ulikuwa wa gazeti. Ulishuka Adams Arcade kununua nyama, ukanunua na gazeti, ukasimama papo hapo na peni kujaza chemshabongo, vile vijumba vyeupe vya maswali ya dunia nzima, mpaka basi linakupita na nyama inaanza kunuka. Na nyumbani hakupita mtu bila kuulizwa. Mzee Jamleck, mwenye nyumba wetu, alikuja siku moja kutengeneza bomba.

"Mto wa Burma, herufi tisa," ukamwambia kabla hajakaa.

"Zadock, mimi nimeleta spana tu," akasema, lakini akavuta kiti.

Aliyekosea hukumcheka. Ulihesabu herufi kwa vidole, kisha ukasema, "Umekaribia." Hata mimi niliyeishia darasa la nne uliniambia nimekaribia, na neno hilo nalikosa sana humu ndani.

Sasa sikia yaliyotupata. Rael, mke wa Lazarus wetu, alijifungua mvulana mwezi wa sita. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia ziwa, analia mpaka sauti inamkauka. Kliniki walimpima wakasema hana ugonjwa. Dada yako Nakhumicha akafunga safari kutoka Kimilili, akamtazama mara moja, akasema huyu anataka jina lake. Unajua kwenu inavyofanywa: mama anampa mtoto ziwa, mtu wa ukoo anataja waliotangulia, mmoja mmoja, na mtoto akisikia jina lake ananyonya na kutulia.

Shida ni kwamba majina hayo ulikuwa nayo wewe. Wewe ndiye uliyelelewa na babu yako, ukawajua wazee wote kwa mpangilio. Nakhumicha aliolewa mapema, anawajua wachache. Na si kwamba hatukukuuliza. Lazarus alikuuliza Jumamosi ngapi, "Baba, babu yake babu aliitwa nani?" Nawe, bila kuinua kichwa, "Subiri kidogo, nimebakisha moja." Kila siku umebakisha moja. Milima ya Peru uliijua. Wafalme wa Uajemi uliwajua. Wazee wako mwenyewe ukaondoka nao kifuani. Huo ni uungwana gani, Zadock?

Basi tukakaa sebuleni tunabahatisha. Khaemba, mtoto akalia. Wepukhulu, akalia. Makhanu, akageuza uso. Lazarus akaanza kutaja majina ya kubuni, nikamwambia afunge mdomo. Jina moja nilikuwa nimelizuia, nalo ni lako. Nilimwomba Nakhumicha liwe la mwisho, na nilitaje mimi, ingawa mimi si wa ukoo. Akanikubalia. Nilikuwa na hakika, Baba Lazarus. Nilijua umenirudia, nikataka nikuite mwenyewe.

Nikasema, "Walubengo."

Mwaka mzima sikuwa nimelitamka kwa sauti. Mtoto akaachia ziwa, akalia kuliko siku zote. Nikarudia polepole, nikidhani hakusikia. Akalia. Nakhumicha akanishika mkono, akasema, "Wifi, si yeye." Nilitoka uani nikasimama huko peke yangu, nikakukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia katika ndoa yetu yote. Nilikuita na hukuitika.

Haya. Kama si wewe, ni nani? Watu wa kwenu huja ndotoni kuleta jina. Njoo kwa Rael, umwambie waziwazi, maana amekonda na hana nguvu ya kubahatisha tena. Na ukishamwambia, pitia kwangu. Si lazima uwe na jibu lolote.

Wanaokukumbuka ni mkeo Peres, dada yako Nakhumicha, wanao Lazarus na Nanyama, mkwe wako Rael, Mzee Jamleck na majirani wote wa Waithaka, pamoja na mjukuu wako, ambaye jina lake tutaliandika hapa siku tutakapolipata.

Hatutachoka kukukumbuka.