Leo Kinshasa walitaja mama ya marehemu

Jumatano, mwezi wa kumi. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani hata kidogo.

Moyo wangu unapiga kama wa mutu aliyepanda mulima na ndoo ku kichwa. Na tangu asubuhi mpaka saa sita sikupanda kitu. Nilikuwa nimekaa ku kiti kidogo, nachambua maharagi, radio pembeni.

Acha nianze na radio, sababu yote imetoka mule.

Mimi sikuingia shule hata siku moja. Herufi nilijifunza nikiwa muzee tayari, ku parokia, pamoja na bamama wengine, kwa katekismu. Ndiyo maana naandika vile nasema, na anayetaka kucheka acheke. Lakini masikio Mungu alinipa bila shule. Tangu Baraza la sheria kule Kinshasa walipoanza kusema juu ya sheria mupya ya jamaa, nimewafuata kila siku. Mawe ya radio, yale mabetri, yakichoka, nayaanika ku mabati ili jua iyaamushe. Siku za mvua nayaweka karibu na makaa ya mbabula ya kupikia. Wale wanaokaa mu Baraza wanaitwa makomisera wa watu, wanatoka kila upande wa Zaïre, hata huku kwetu Kivu. Basi majirani wamenipa jina.

"Maman Komisera, leo mumetutungia sheria gani?"

"Ile ya kufunga midomo ya majirani," najibu. "Imepita. Hakuna aliyepinga."

Wanacheka. Hawajui kile nimesikia.

Nimesikia wanaume wazima, wamevaa abacost zao zimefungwa mpaka shingoni, wamekaa mu nyumba kubwa kule mbali ambako mimi sitafika kamwe, na wanabishana juu ya kitanda ya mujane. Kitanda! Na sufuria yake. Na shamba alilolima. Mumoja anatetea desturi, mwingine anamujibu, wa tatu anaomba neno. Siku ile niliacha maharagi, mikono ikabaki juu. Nilifikiri Leta, serikali yetu hii, inajua tu bendera, kodi na salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Kumbe inajua pia kwamba mwanamuke analala mahali, na kwamba bwana yake akikufa, anaweza kutoshwa, afukuzwe pale.

Mimi sikufukuzwa. Nilichukuliwa.

Bwana yangu alipokufa nilikuwa bado kijana. Ndugu yake alikuja na kibuyu ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Wazee wakakaa, wakaingiza mirija, wakanywa. Walipomaliza nilikuwa bibi yake. Mbuzi yake, shamba yake, mimi yake. Sikulia. Nani analilia mulima? Mulima iko pale, unaizunguka tu. Nilifikiri desturi nayo iko vile.

Leo saa sita, mu habari za Kiswahili, yule bwana wa sauti nzito akasema sheria imekwisha: Baraza wameipitisha, Mukubwa wa nchi ametia mukono, inabaki miezi ianze kazi. Kisha akaeleza pole pole, kama mutu anayelisha mugonjwa. Mutu akikufa, watoto ndio wa kwanza, na sehemu yao ndiyo kubwa. Mujane anabaki mu nyumba aliyokaa na bwana yake, ilimuradi asiolewe tena. Wandugu wanafuata nyuma. Na pamoja nao, akasema, mama ya marehemu naye ana sehemu.

Mama ya marehemu.

Ni mimi huyo.

Murhula, mutoto wangu wa kwanza, alikufa kiangazi hiki. Na kule Kinshasa, yeye akiwa bado muzima, watu walikuwa wamekaa na kuacha nafasi mu kitabu kwa ajili ya mama yake. Niliweka mukono ku radio pole pole. Nikaogopa. Ile woga inayonishika ku misa, padri anapoinua mkate juu na kanisa yote inanyamaza. Maharagi yakamwagika chini, sikuyaokota.

Kisha nikakumbuka Jumapili, haya ikanishika.

Naandika hii na mukono hautaki. Jumapili Cishugi, mutoto wangu wa pili, alileta kibuyu ya kasiksi. Nilikuwa nakaa kwake, kule Ibanda. Yeye anapiga mashini mu bureau, ofisi ya Leta. Kilio ya kaka yake inaelekea mwisho, akasema, inafaa nyumba ya Murhula kule Cimpunda iwe yake. Nsimire, mujane wa Murhula, akubali kuwa bibi yake wa pili, ao arudie kwa wazazi wake Minova na aache watoto. Kwetu, mama ya marehemu akiisha kutia mudomo ku murija, neno la nyumba limefungwa. Wazee wanafuata tu.

Nilikunywa.

Hakuna aliyenishika kichwa. Nilikunywa sababu Cishugi ndiye aliyebaki, ndiye atanizika. Sababu nakula fufu yake. Sababu Nsimire ana ulimi, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba sombe yangu, yale majani ya mihogo, ni chakula ya mbuzi. (Siku ile sombe ilikuwa mbaya kweli. Lakini hata.) Na chini ya hizo zote kulikuwa sababu ingine, ile mbaya kupita. Nilisema moyoni: mimi nilichukuliwa na sikufa. Yeye ni nani asichukuliwe?

Leo Cishugi alirudi kula. Sikungoja anawe mikono.

"Cishugi, ile sheria ya bajane, ulikuwa unaijua?"

"Mama, ile mambo iko mu Kifaransa, itakuumiza kichwa."

"Kichwa ni yangu. Ulikuwa unaijua?"

Akatazama sahani. "Iko ku bureau tangu wiki mbili. Lakini haiyaanza kazi, Mama. Ikianza, sisi tutakuwa tumeisha kumaliza."

Tumeisha kumaliza! Basi kibuyu ya Jumapili ilikuwa mbio. Mutoto niliyemubebea makapu ya mihogo ku mugongo ili akae ku meza ya wasomi, alikimbia apite sheria mbele. Na miguu aliyokimbia nayo ilikuwa mudomo wangu.

"Ulininywesha sababu sikusoma."

"Mama, desturi ni desturi."

"Desturi haina haraka, mutoto wangu. Mwenye haraka ni wewe."

Akasukuma kiti, akarudi kazini na njaa.  Bibi yake alikuwa anapakua, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki, kile cha bwana yake. Yeye naye ana masikio, alisikia Jumapili ile habari ya bibi wa pili.

Kile umekunywa, kwetu, huwezi kukitapika kwa maneno matupu. Iko njia moja. Urudishe kibuyu, imejaa kasiksi ya kwako, mbele ya wazee wa jamaa, na siku ile uwe unakaa mu nyumba unayoitetea, si kwa yule aliyekunywesha. Nilisikia mama ya mama yangu akisema hivyo nikiwa mudogo. Sijaona mwanamuke akifanya.

Nikakunja mukeka wangu. Radio nikaifunga mu nailoni, nikapanda Cimpunda.

Mvua ilinipiga njia yote, matope mpaka ku kifundo cha mguu. Nilikuta Nsimire ku mulango, anakinga maji ya mabati. Akatazama mukeka. Hakunisalimia.

"Ulikunywa, Mama."

"Nilikunywa."

"Basi umekuja kunionyesha njia ya Minova?"

"Nimekuja kukaa. Radio inasema niko na sehemu mu hii nyumba, nimekuja kuikalia. Mwenye anataka kukutosha, atoshe kwanza mama yake."

Sikufikiri atanikumbatia, na hakunikumbatia. Alisimama mpaka ndoo ikajaa na maji yakamwagika ku miguu yake. Kisha akaingia, akasogeza vitu vya watoto mu kona moja.

"Lala pale. Kule kwingine kunavuja."

Nikamueleza sheria vile niliisikia, mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza chumvi. Nikamuambia hata ile sehemu chungu, maana iko: sheria inasema bibi amutii bwana yake. Pale, nikasema, nilipigia radio kelele inyamaze. Nsimire akaguna.

"Mabwana yetu wote bako mu udongo. Ile tumeisha kuitii."

Tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kilio.

Halafu akaniuliza kitu ambacho bado kinanizunguka mu kichwa. "Na bale ba Kinshasa, Mama, banatujua?"

Nikamujibu hapana. Hawatujui hata kidogo. Hawajui Cimpunda, hawajui Nsimire, hawajui mwanamuke muzee anayeitwa Maman Komisera na majirani wasio na heshima. Ndiyo hiyo inanitetemesha. Watu ambao hawatujui walikaa, wakafikiri juu yetu, wakatuandika.

Naandika hii ku mulango, mwanga ungali upo. Nsimire alipata mikungu mitatu ya ndizi kwa jirani, tumeifukia mu shimo nyuma ya jikoni, tumeifunika na majani. Ndizi hazina haraka. Zikiiva tutazikamua, kasiksi ikichacha nitaita wazee. Cishugi atakuja nao, atasimama pale na koti yake ya bureau, na mimi mama yake nitamurudishia kibuyu mbele ya wote. Naogopa uso wake. Naogopa pia kwamba sitajua tena nani atanizika. Ni mutoto wangu, nampenda hata leo, hata na mbio zake.

Wazee watasema sheria haiyaanza. Ni kweli, haiyaanza. Inatoka mbali, na barabara za nchi hii tunazijua. Sijui itachukua miezi mingapi kufika Cimpunda.

Mimi nimefika.