Kambale Asiye na Paluku

Paluku, ndugu yangu,

Jumapili tunacheza Beni na siwezi kutulia. Naenda uwanjani, narudi, navua viatu, navivaa tena. Tangu homa ikuchukue tukakuzika, nafasi yako ya beki amepewa fundi baiskeli mmoja, anapiga mpira mbele bila hata kuangalia. Ungemtukana vizuri.

Lakini kinachonisumbua ni bariera ya njiani, pale askari wanapokagua watu. Unakumbuka kocha alivyonipa jina la Kambale, la Wanande wa huku, eti Habimana ni jina la Kinyarwanda, litatuletea matata. Nimezaliwa Kirumba, baba yangu amezikwa Kirumba, ila tangu majeshi ya Rwanda yaingie, hilo haliwaingii watu kichwani. Nikifunga goli mimi ni wa Butembo. Nikikosa penalti, "Rudia kwenu!" Kwetu wapi, Paluku?

Halafu safari ile ya mwisho. Askari alisimamisha lori letu, akaniuliza jina, akacheka: "Kambale, mukubwa yako iko wapi?" Nami, mjinga, nikajibu, "Sina mukubwa, niko wa kwanza." Kila Mnande anajua Paluku ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, Kambale ni wa pili. Alishanikamata kola uliporuka chini: "Paluku njo miye! Huyu iko mudogo yangu, anajifanyaka mukubwa juu ya magoli anafungaka." Akaniachia. Mimi nilikodoa macho hadi Beni, wewe ukalala usingizi.

Sasa nani atashuka? Wenzetu wanataka nibaki nyumbani. Kocha anasema nishike jina lile lile na nijifunze kudanganya. Nimechoka, Paluku. Nimemwambia nitakwenda kama Habimana, mwana wa Kirumba, na wakiuliza zaidi nitarudia hivyo hivyo. Naogopa sana.

Jana nilimweleza mama yako, nikihofia ataona nalitupa jina la watoto wake. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho. "Kule njiani ujiite vile baba yako alikuita. Hapa kwangu uko mutoto ya pili. Na mutoto yangu asiporudia, nitamufuata mupaka kwa bariera yenyewe."

Lala, mkubwa wangu. Nakuahidi nitakimbia hadi filimbi ya mwisho, kisha nitarudi nyumbani. Lazima nirudi. Nisiporudi mama yako atatoka kweli, na miguu yake unajua ilivyo mibovu.

Habimana