Jina la Pili kwenye Hati

Jumamosi, 3 Juni 1972

Nimepiga pasi sare mbili. Nimechota maji ndoo nne. Mkaa wa pasi umeniunguza kidole kilekile. Sasa nimekaa nyuma ya jiko na daftari langu.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata Mama. Jana Bwana Seif alikuja na hati ya nyumba anayotuuzia, ile ya mtaa wa Kanyenye hapa Tabora. Imeandikwa Kiingereza. Baba akanipa niisome kwa sababu mimi ndiye niliye kidato cha tatu. Nikasoma. Mwenye nyumba hakuwa mmoja. Walikuwa wawili: Seif, na chini yake Zuwena, jina la baba lilelile. Dada yake. Baba akauliza, "Ni sawa, Kalunde?" Nikasema ni sawa.

Najua kwa nini nilisema hivyo. Nyumba ile ina chumba chenye dirisha la barabarani na vidaka vitatu ukutani. Siku tulipokwenda kuitazama niliweka mkono katika kidaka kimoja. Vitabu vyangu vyote vingeingia humo. Hapa kota za reli tunalala wanne chumba kimoja, na vitabu vinakaa chini ya kitanda pamoja na viatu.

Tena Bwana Seif alikuwa ananitazama. Mtu akinitazama siwezi kusema kitu.

Jumatatu, 5 Juni

Baba anastaafu mwezi huu. Ufunguo wa kota unatakiwa tarehe 31 Julai. Ameshaingia ukarani akatia saini. Miaka ishirini na sita ya karakana, na nyumba tuliyokaa si yetu.

Kiinua mgongo chote kinakwenda kwenye nyumba ya Kanyenye. Hakuna kingine nyuma yake.

Hisabati: nimekosa tatu. Kichwa changu hakikuwa darasani.

Jumatano, 7 Juni

Bwana Seif alipita jioni. Nikamwamkia shikamoo, nikaingia ndani, nikabaki nyuma ya pazia. Duka lake limefungwa tangu mwaka jana. Anataka kwenda Dar es Salaam kwa mwanawe. Si mtu mbaya. Huwa ananiletea magazeti ya zamani.

Walikuwa wakitaniana na Baba. Bwana Seif akasema, "Mzee Maganga, babu zako waliwabebea babu zangu pembe mpaka Bagamoyo. Leo nakubebesha nyumba."

Baba akacheka. "Nitaibeba. Ila babu yangu alikuwa haondoki kambini mpaka auone mzigo ulivyofungwa. Mzigo uliofungwa vibaya unakuua njiani."

"Huu umefungwa vizuri. Si binti yako ameusoma?"

Sikula.

Wamekubaliana kuandikishana Jumamosi tarehe 17, baada ya alasiri, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ataandika, watu wataweka saini, itasomwa fatiha, Baba atatoa fedha. Basi. Hivyo ndivyo kila mtu ninayemjua alivyonunua nyumba. Baba anasema mjumbe akishaandika, nani atakuja kudai?

Mimi najua nani.

Jumamosi, 10 Juni

Mama amekwishapima madirisha kwa kamba. Kamba ina mafundo, kila fundo dirisha. Fundo la mwisho ni la chumba changu. Amesema "chumba chako" mara mbili.

Baba amechora chini kwa kijiti mahali atakapoweka jiliwa lake la kubania vyuma. Atakuwa akitengeneza baiskeli barazani. Wenzake wa karakana walikuja kumpongeza. Mmoja akasema Maganga sasa anahamia kwa mabwana, atatusahau. Baba akamjibu hatamsahau, kwanza nyundo ya Baba bado anayo mwenzake huyo, airudishe.

Wote walicheka. Nikaenda chooni kukaa.

Jumanne, 13 Juni

Nimefanya jambo. Baada ya masomo nilipita ofisi ya ardhi. Nilizunguka jengo mara tatu kwanza. Nilikuwa nimeandika maswali katika daftari ili nisisahau nikishikwa na aibu.

Karani ni kijana, alikuwa anatafuna karanga. Akauliza ninataka nini. Nikasema mwalimu wa siasa ametupa zoezi. Uongo wa pili. Akafurahi, akanivutia kiti, akasema laiti walimu wote wangekuwa hivyo.

Nayaandika majibu yake kama alivyoyasema.

Je, mtu akinunua nyumba mjini amenunua na ardhi? Hapana. Ardhi ni ya taifa. Anayeuza anauza nyumba yake na haki ya kukaa pale kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati. Ikiisha, inaombwa upya.

Mjumbe wa nyumba kumi anatosha? Hatoshi. Mjumbe ni shahidi kwamba mnajuana, na shahidi ni mtu mzuri. Lakini mjumbe haandiki katika daftari la serikali. Mnunuzi na muuzaji waje ofisini, waombe kibali, na kodi ya kiwanja isiwe na deni. Kibali kikitoka ndipo jina linabadilishwa. Jina lisipobadilishwa, nyumba bado ni ya yule wa kwanza, hata kama umelala humo miaka kumi.

Hati yenye majina mawili? Wote wawili watie saini.

Mmoja asipotia? Hapo aliacha kutafuna. Akasema, "Basi, mdogo wangu, hujanunua nyumba. Umenunua kesi."

Akaniuliza kama zoezi lina swali jingine. Nikasema limekwisha. Nikasahau kalamu yangu mezani kwake. Siwezi kuirudia.

Alhamisi, 15 Juni

Keshokutwa.

Nilijaribu asubuhi Baba alipokuwa anafunga kamba za viatu. Nikasema, Baba. Akasema, naam. Nikasema maji yamekwisha mtungini. Hayakuwa yamekwisha.

Nilijaribu tena jioni. Alikuwa kwenye kisomo. Anakwenda darasa la watu wazima kila Jumanne na Alhamisi, anasoma kwa kidole, midomo inacheza. Alirudi amechoka, akalala.

Nimejiuliza kama naweza kunyamaza tu. Pengine Zuwena amekwisha sahau. Nasikia ameolewa Ujiji miaka mingi. Pengine ana nyumba nzuri kuliko ya Kanyenye. Pengine hana haja.

Sijui lolote jingine juu yake. Ninamtungia maisha ili nichukue chumba.

Najichukia.

Ijumaa, 16 Juni

Nimeandika. Kusema siwezi, kuandika naweza. Karatasi moja, herufi kubwa, Kiswahili chepesi ili aweze kuisoma mwenyewe. "Baba, hati ina majina mawili. La pili ni Zuwena. Niliona siku ile. Nilitaka chumba. Ofisi ya ardhi inasema lazima naye atie saini. Nisamehe. Kalunde." Niliikunja nikaiweka kwenye kopo lake la chakula, juu ya viazi, kabla hajaenda kazini.

Shuleni nilihesabu vipindi mpaka cha mwisho.

Alirudi saa kumi. Akaniita nyuma ya nyumba, penye kamba ya kuanikia nguo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, imeingia mafuta. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

Akasema, "Majina hayana Kiingereza, mwanangu. Zuwena nilimsoma mwenyewe."

Sikuelewa. Akasema alikuwa ameishika hati kabla yangu, akaweka kidole, akaisoma herufi kwa herufi. Akalijua. Kisha akanipa mimi.

"Nilitaka mwenye elimu aseme ni sawa. Ili lisiwe langu."

Tulisimama. Shuka la Mama lilikuwa linapigwa na upepo katikati yetu. Akasema tena kwamba ana miaka hamsini na tano na hajawahi kupiga msumari ukutani bila kuomba ruhusa.

Nilikuwa nalia, na yeye alikuwa anatazama reli.

Jumamosi, 17 Juni

Mjumbe alikuja na daftari lake. Mama alikuwa amepika pilau. Baba akamwambia Bwana Seif mbele ya wote kwamba hawezi kutia saini mpaka amuone Zuwena.

Bwana Seif akasema dada yake yuko kwa mumewe, mambo ya Tabora hayamhusu. Mjumbe akakubali, akasema mwanamke aliyeolewa ana kwake. Baba akasema basi haitakuwa vigumu, atatia saini tu. Yeye Baba ana pasi ya reli ya kusafiri bure mpaka mwisho wa mwezi. Twende Ujiji.

Bwana Seif alikunja hati, akaitia mfukoni. Halafu akasema, twende.

Pilau tutaila wenyewe siku mbili.

Alhamisi, 22 Juni

Baba amerudi kutoka Ujiji. Amenisimulia barazani, polepole.

Zuwena ni mjane. Mumewe alifariki miezi miwili iliyopita, yuko eda. Nyumba anayokaa ni ya shemeji zake, na wamekwisha kumuuliza atakwenda lini. Alizungumza na Baba kwa nyuma ya mlango. Bwana Seif alijua juu ya msiba. Kwetu hakusema.

Mama akauliza alijibu nini kuhusu saini. Baba akasema alijibu hivi: "Kaka yangu ana nyumba ya kuuza. Mimi nina nyumba ya kurudi."

Eda ikiisha atapanda treni kuja Kanyenye. Akauliza kama chumba chenye vidaka bado hakijabomoka. Kilikuwa chake alipokuwa msichana.

Baba anasema walipofika stesheni Bwana Seif alimshika mkono, akaushikilia.

Mama ameifungua ile kamba, fundo moja moja. Ameanikia nguo.

Jumatatu, 31 Julai

Tumekabidhi ufunguo. Tumepanga vyumba viwili karibu na soko. Vitabu viko chini ya kitanda.

Kiinua mgongo kipo. Baba anaomba kiwanja cha kujenga. Fomu ililetwa juzi, Kiingereza tena. Nilimsomea neno kwa neno. Nilipofika pale nisipojua nilisema, "Hapa sijui, Baba." Kulikuwa na mahali panne. Akaweka alama pote kwa kalamu ya risasi.

Leo mchana nilikwenda nayo ofisi ya ardhi. Sikuzunguka jengo. Karani alinikumbuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu yangu.

"Mwalimu amewapa zoezi jingine?"

Nikasema hapana, hii ni yetu. Nikamwambia na ile ya kwanza ilikuwa yetu.

Akanionyesha benchi. Kulikuwa na watu sita mbele yangu. Nikakaa, nikaweka fomu mapajani, nikangoja zamu.