Magoti ya Mama

Kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Sisi wazima. Paka amezaa kabatini, juu ya suti yako, na Mama hataki ahamishwe.

Leo asubuhi iliingia barua pepe kwa kila mtu hapa ofisini, eti inatoka benki, ikitaka nywila zetu. Mwishoni ikauliza: "Na magoti ya Mama yanaendeleaje?" Wenzangu walicheka mbavu hawana. "Benki gani hii, inauliza magoti!" Mimi sikucheka. Tangu Mama aanguke, ni wewe tu unayemaliza barua hivyo.

Nimefuatilia ilikotoka. Ni nchi ile ile ulikoitiwa kazi ya kompyuta, kisha kimya. Nani amekushikilia huko na kukulazimisha wizi huu? Nimewapigia polisi, wamesema anayetuma ndiye mwizi, hawana la kumsaidia.

Nakujibu hapa kwa kuwa sina anwani yako nyingine. Nayo kazi yangu ndiyo hiyo, kuzuia barua za wezi. Bosi anataka anwani hii ifungwe kabla hatujatoka kazini leo. Nimemzungusha weee, sasa nimeishiwa maneno.

Magoti bado yanauma, ila anatembea.

Niombe nywila tena, kaka. Niombe chochote, upesi.

Dada yako uliyemwita Kiherehere