Mpeasi Usikatwe Kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote ni wazima, na kile kikohozi cha msimu wa ukungu kimekuachia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku Ujerumani haina utu. Ya kwetu Lushoto unaikimbia ukaingia jikoni, ukapewa kiazi cha moto kutoka majivuni. Ya huku huna pa kukimbilia.

Zamani uliniuliza kazi yangu ni nini, nikashindwa kueleza. Leo najaribu. Tunarekebisha programu za kompyuta. Kila toleo jipya tunawapa kwanza watu wachache ili walijaribu. Wiki ikipita bila malalamiko, tunasema ni salama, tunawapelekea wote. Juzi tulifanya hivyo, kumbe toleo lenyewe lilikuwa limewakatia mtandao wale wajaribuji, na malalamiko huku hutumwa kwa mtandao huohuo! Sisi tunafurahia ukimya, wenzetu wamezibwa midomo. Sasa sheria imebadilika. Halitoki toleo mpaka watu wawili waseme wenyewe, "Nimelijaribu, liko sawa."

Mama, hapo nilikukumbuka, moyo ukanipasuka. Nilikuandikia kwamba mdogo wangu Hoza aukate mpeasi wa marehemu Baba, tupate uwanja wa kujenga nyumba ya tofali. Hukujibu neno. Nami, mjinga mie, nikamwambia Hoza, "Mama amekubali, tafuta shoka."

Nilisahauje? Baba alipotaka kumuuza ng'ombe wetu, wewe ulinyamaza tu, ukaendelea kumenya viazi. Mnunuzi alikuwa ameshafika kutoka Soni, kamba mkononi. Baba akamwambia, "Nisamehe bwana. Mama watoto hajasema kitu." Ng'ombe akarudi zizini. Baba hakuhitaji kusomea kompyuta.

Nimeukumbuka sana mti ule. Peasi zilikuwa zikidondoka juu ya bati la jiko, pu! tunatoka mbio tonge la bada lingali mdomoni, nawe unatufokea huku unacheka. Nimetamani hata kufokewa.

Nimempigia Hoza simu pale dukani Soni. Shoka ameliweka chini, anasubiri kauli yako, si yangu.

Nisalimie Shangazi muuza karoti, na mke wa Hoza, mwambie mtoto nitamletea koti. Dada Zaina anayekusomea barua hii asirukeruke mistari, namjua.

Ukitaka mti ukatwe, sema. Ukinyamaza, Mama, ubaki umesimama.

Mwanao,
Shabani